Barua ya wazi kwa wakuu wa afya mkoani kwetu: msitusubirishe mpaka tubebe mimba ndo mtusikilize

KWA: Mganga Mkuu wa Mkoa, na Mganga Mfawidhi wa Hospitali yetu ya Rufaa ya Mkoa

YAH: KUKOSEKANA KWA HUDUMA KWA WANAWAKE WANAOTAKA KUBEBA MIMBA TENA BAADA YA KIFAFA CHA MIMBA NA MATATIZO MENGINE MAKUBWA YA UZAZI

Waheshimiwa madaktari, shikamooni.

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Naandika hadharani kwa sababu njia za ndani nimeshazimaliza. Nimeweka barua kwenye sanduku la maoni, nimekaa kwenye benchi la dawati la huduma kwa wateja, nimeonana na katibu wa afya ambaye kwakweli alinipokea vizuri, akaandika maelezo yangu kwenye daftari na kusema atanipigia, na simu haijawahi kuita. Sitaji jina la hospitali wala la mkoa kwasababu sitaki nesi mmoja au dokta mmoja aje abebeshwe mzigo ambao ni wa mfumo mzima. Ninyi barua hii mtaielewa, na maelezo yangu kamili katibu anayo.

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 34. Mwishoni mwa 2023 nikiwa na mimba ya wiki 31 nilianguka kifafa cha mimba, yaani degedege linaloletwa na presha kali ya mimba, nikiwa nyumbani. Mume wangu akapiga 115, gari la m-mama, lile la dharura la wajawazito, likaja, nilipofika presha ilisoma 190 kwa 120, nikachomwa zile sindano za magnesiamu salfeti makalio yote mawili, maumivu yake nayakumbuka mpaka leo, na usiku uleule nikaingizwa thieta. Mtoto wetu wa kike alitolewa ameshafariki. Mimi nikabaki. Ile timu ya usiku naishukuru, nawaombea, na hakuna neno hata moja humu ndani linalowahusu wao.

Shida yangu imeanza baada ya kupona. Mimi na mume wangu tunataka mtoto, na tunataka tumpate nikiwa hai na yeye akiwa hai. Nina kijiti mkononi ambacho kinatoka kwa dakika chache tu, lakini sitaki kitolewe kabla sijajua figo zangu zikoje, presha yangu ikoje, mfuko wa uzazi ulishonwaje na dawa gani nimeze kuanzia lini. Nikienda chumba cha uzazi wa mpango naambiwa kijiti tunaweza kukutoa sasahivi, hayo mengine sio ya hapa. Nikienda kliniki ya wajawazito naulizwa una mimba ya miezi mingapi, nikisema sina, naambiwa basi mama uje ukishabeba. Kwahiyo anayetaka kuzuia mimba ana chumba, aliye na mimba ana chumba, na sisi tuliokoswakoswa na kifo tunaotaka kujiandaa kabla hatuna pa kukaa. Hicho ndo nilichokuja kusema kwenu, na nakieleza kimoja kimoja.

1. Tunaruhusiwa kwenda nyumbani bila kuambiwa kilichotupata

Karatasi niliyotoka nayo wodini ninayo hapa. Imeandikwa PE, halafu C/S, halafu FSB, chini yake Enalapril 5mg, na mwisho TCA 2/52. Basi. Ilibidi nimuulize binti wa jirani anayesoma uuguzi ndo nikajua PE ni presha ya mimba, C/S ni upasuaji, FSB ni mtoto aliyezaliwa mfu, na TCA 2/52 ni nirudi baada ya wiki mbili. Yaani kifo cha mtoto wangu kimeandikwa kwa herufi tatu nisizoweza kuzisoma, na hakuna mtu alikaa na mimi hata dakika kumi akaniambia mama, ulipata hiki, sababu zinazojulikana ni hizi, siku ukitaka mimba nyingine uje kwanza tuongee.

Na hili la kuongea lina uzito kwasababu hatari ya kurudi ipo na inapimika. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unaeleza kwamba aliyepata presha kali ya mimba akajifungua kati ya wiki 28 na 34, uwezekano wa kupata tena kwenye mimba inayofuata unafika mmoja kati ya watatu. Mimi nipo humohumo kwenye wiki hizo. Mtu mwingine akiambiwa mmoja kati ya watatu ataamua asizae tena, mwingine atasema basi wawili kati ya watatu wanapita salama ngoja nijiandae, na yote ni maamuzi ya mtu na mume wake. Mtu ambaye hajaambiwa chochote anaamua kwa kusikiliza majirani.

Na majirani wanasema. Kwetu kifafa cha mimba bado ni jini, ni kurogwa na mke mwenzio, ni mume kachepuka. Mama mkwe wangu ananipenda na alinipeleka kwenye maombi kwa nia njema kabisa, maana hospitali haikumpa maelezo mengine ya kushika.

2. Faili halionekani, na ndani ya faili kuna jibu la mshono

Hapa naomba mnivumilie niseme kwa urefu.

Mshono wa nje wa upasuaji hauelezi mshono wa ndani. Kovu langu la nje limelala, chini ya kitovu, safi kabisa. Lakini mfuko wa uzazi wenyewe unaweza kuwa umekatwa kwa kulala sehemu ya chini au kwa kusimama kwenda juu, na mimba ikiwa bado changa kama yangu ile sehemu ya chini inakuwa haijatanuka vizuri kwahiyo daktari wakati mwingine analazimika kukata kwa kusimama. Tofauti yake ni kubwa. Aliyekatwa kwa kulala anaweza, kwa uangalizi, kujaribu kuzaa kawaida mara nyingine. Aliyekatwa kwa kusimama hatakiwi kabisa kuachwa aingie uchungu kwasababu mfuko unaweza kupasuka, na mfuko ukipasuka mnajua wenyewe kuliko mimi kinachofuata kwa mama na kwa mtoto. Jibu la swali hilo lipo sehemu moja tu, kwenye maandishi ya thieta ya usiku ule.

Nikaenda masjala. Kijana wa pale ana adabu, alihangaika, akapanda ngazi akashusha mabunda yamefungwa kamba za katani, vumbi tupu, akanitolea faili lenye jina langu. Nikafungua nikakuta ni la mama mwenye watoto watano. Sio mimi, tumefanana majina tu. Akarudi juu tena akatafuta akasema dada yangu ya mwaka huo mengine yalihamishwa wakati tunaingia kwenye kompyuta, mengine yako stoo. Nikauliza kwenye kompyuta nipo? Nipo, lakini kuanzia siku niliyokuja kutoa nyuzi. Usiku wa upasuaji haumo.

Sasa fikirieni nimebeba mimba, uchungu umenianza usiku, nimefikishwa kwenye kituo kingine kabisa mbali na hapa, nesi ananiuliza ulikatwaje. Nitamjibu nini?

3. Dawa ya presha niliyoachiwa haifai kwenye mimba na hakuna aliyeniambia

Ile Enalapril nimeimeza muda mrefu, na kwa mama asiye na mimba sina ugomvi nayo, imenishushia presha. Aliyenishtua ni dada wa duka la dawa, nimeenda kununua akauliza tu kwa mazoea, mama hauna mimba wala hautarajii? Nikamwambia tunatarajia. Akaweka boksi chini. Akasema dawa za kundi hili, hizi zinazoishia na pril, na losartan pia, zinaweza kuharibu figo za mtoto tumboni, mwenye mpango wa kubeba anabadilishiwa mapema anapewa kama nifedipine au methyldopa, ile wengi tunaiita Aldomet.

Nashukuru alijua. Lakini jamani, jambo hili linatakiwa litoke kwa aliyeandika dawa, siku aliyoandika. Mwanamke wa umri wa kuzaa anaandikiwa dawa ya namna hiyo bila mstari mmoja wa onyo, na nikirudi kliniki ya presha nakuta foleni ya wazee, dakika mbili, presha imeshuka, endelea na dozi, mwingine. (Wadada mnaosoma hii na mnatumia dawa hizo, msiziache wenyewe ghafla, presha ikipanda nayo inaua. Nendeni mkaombe kubadilishiwa, mng'ang'anie.)

4. "Uje ukishabeba" inatuchelewesha

Kuna kinga. Haizuii kwa wote lakini ipo, na bei yake haishindi soda. Tangu 2011 Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri aspirini kidogo, milligramu 75 kwa siku, ile ndogo wanayotumia wazee wenye shida ya moyo, kwa wanawake walio kwenye hatari kubwa kama sisi tulioshapata, na ianze kabla ya wiki 20. Utafiti mkubwa wa ASPRE uliotoka 2017, ambao walitumia milligramu 150 wakianzia wiki ya 11 mpaka 14, ulionesha presha ya mimba inayolazimisha kujifungua kabla ya wiki 37 ilipungua kwa asilimia 62. Kwa sehemu ambazo watu hawapati madini ya chokaa ya kutosha kwenye chakula, WHO wanashauri mjamzito ameze kalsiamu gramu 1.5 mpaka 2 kwa siku. Na vidonge vya foliki mwanamke anatakiwa aanze kabla hata hajabeba.

Sasa angalieni maisha yetu yalivyo. Mwanamke anagundua ana mimba ya miezi miwili, anasubiri kidogo aone kama imeshika, anaenda kliniki mwezi wa nne au wa tano, siku ya kwanza ni vipimo vya damu, kadi, chandarua, FEFO (vidonge vya kuongeza damu). Akipewa aspirini ya kwanza hapo, kama ipo, muda mzuri umeshapita. Kwa mtu kama mimi dozi inabidi iwe imeshaandikwa nikiwa bado sina mimba, niwe nayo kabatini, najua siku nikikosa hedhi na kipimo kikasoma mistari miwili naenda kituo gani kwa nani. Ndo maana nasema kutuambia turudi tukishabeba ni kutuambia turudi tukiwa tumechelewa.

Halafu ushauri wenyewe wa muda wa kusubiri kila mtu ana wake. Mmoja kaniambia miezi sita inatosha, mwingine kasema miaka mitatu, mwingine, na huyu amevaa koti jeupe, kasema kwa presha ile wewe achana na kuzaa mshukuru Mungu. Ushauri wa WHO ninaoujua ni miezi 24 kutoka kuzaa mtoto hai mpaka kubeba tena, na miezi 6 baada ya mimba kuharibika. Mimi sikuzaa mtoto hai na mimba yangu haikuharibika, nilizaa mfu kwa kisu, sasa kundi langu ni lipi? Hilo swali linahitaji daktari bingwa wa akina mama akae na karatasi yangu, na karatasi yenyewe ndo hiyo nimesema haionekani.

5. Mama aliyetoka bila mtoto anasahaulika

Hili linaniuma kuliko yote. Baada ya kuzaa kinachomrudisha mama kituoni ni mtoto, anakuja kupima uzito na chanjo, akifika na yeye anaulizwa unaendeleaje, anapimwa presha. Aliyefiwa hana kadi ya mtoto na hana chanjo ya kufuata, hana cha kumtoa nyumbani aje akae kwenye benchi lililojaa wanawake wenye vichanga. Mimi nilikuja hiyo siku ya wiki mbili, nikatolewa nyuzi nimekaa katikati ya watoto wanalia, na baada ya hapo hakuna aliyenitafuta. Siku ya 42 baada ya kujifungua ilipita bila mtu kunipima presha wala mkojo kuona kama protini imeisha. Na mnafahamu kwamba waliopata presha kali ya mimba wapo kwenye hatari zaidi ya presha ya kudumu, ugonjwa wa moyo na kiharusi huko mbeleni. Kwahiyo hata anayesema hatazaa tena, bado alistahili kuitwa.

6. Lugha

Fupi tu. "Mbona una haraka." "Wengine hawana hata mmoja wewe umepona unataka nini." Nina miaka 34, sina mtoto, na nimekuja kuuliza kwa adabu. Sistahili kuongeleshwa hivo, na hakuna mwanamke anayestahili.

Najua mtakachojibu, na mengine yana ukweli.

Mtasema wataalam ni wachache, daktari bingwa ni mmoja na anashinda thieta. Nakubali. Lakini siombi bingwa kila siku. Nesi mkunga aliyeelekezwa vizuri anaweza kupima presha, kupima mkojo, kusoma dawa anazotumia mama na kumpangia wale wachache wanaohitaji bingwa. Na mama kama mimi akirudi kwa kifafa mara ya pili atamchukua huyohuyo bingwa usiku kucha, na damu, na kitanda cha uangalizi maalum.

Mtasema bajeti. Aspirini ndogo na kipimo cha mkojo cha kuchovya ni kati ya vitu rahisi kabisa mnavyoagiza. Mashine za presha mnazo, zinataka betri tu na mpira usiovuja.

Mtasema wanawake wenyewe wanachelewa kliniki. Ni kweli wapo wengi. Mimi nimewahi mpaka nimekuja kabla ya mimba yenyewe, na ndo nimerudishwa.

Mtasema vifo vya akina mama vinavyotokana na uzazi vimeshuka. Na mimi najivunia, utafiti wa kitaifa hapa Tanzania wa 2015/16 ulisema vifo 556 kwa kila vizazi hai laki moja na ule wa 2022 ukasema 104, hiyo sio kazi ndogo na gari lililonibeba ni sehemu yake. Lakini wale ambao zamani tungezikwa sasahivi tupo, tunashona nguo, tunauza sokoni, tunafundisha, na tuna waume na tunataka watoto. Kadiri mnavyookoa ndivyo kundi letu linavyokua, na kundi hili bado halina chumba.

Ninayoomba ni haya:

a) Kila mama aliyepata kifafa, presha kali, kutoka damu nyingi, kupasuka mfuko au kufiwa na mtoto, asitoke wodini bila karatasi ya maelezo kwa Kiswahili kinachosomeka: kilichotokea, alikatwaje ndani, dawa alizopewa, na nini kifanyike kabla ya mimba nyingine. Nakala ibaki kwake, sio masjala peke yake.

b) Siku moja kwa wiki, chumba kimoja, cha wanaojiandaa kubeba mimba baada ya matatizo. Waume waruhusiwe kuingia, wangu ana maswali yake na aliniona nikikakamaa, sio haki abaki nje ya mlango.

c) Mama aliyefiwa apangiwe tarehe yake ya siku ya 42 kabla hajatoka, apigiwe simu asipokuja, na asichanganywe kwenye benchi la vichanga.

d) Aspirini ya milligramu 75 na kalsiamu viwepo mpaka zahanati, na wakunga waelekezwe kwamba aliyewahi kupata kifafa haanzi kwa kusubiri foleni ya kawaida.

e) Kliniki ya presha iwe inamuuliza kila mwanamke wa umri wa kuzaa kama anatarajia mimba, kabla ya kuandika dawa.

f) Na kwangu mimi: maandishi ya thieta ya usiku ule yatafutwe. Yakionekana nipewe nakala. Yasipoonekana niandikiwe barua yenye muhuri inayosema hayapo na kwamba mshono wangu wa ndani haujulikani, ili nitakapofika popote na uchungu wasithubutu kukisia.

Hilo la mwisho naomba nijibiwe ndani ya siku 30. Hayo mengine najua yanataka vikao, basi tuambieni vikao ni lini na mturuhusu akina mama wawili watatu tuje tukae, tupo wengi kuliko mnavyodhani, tunafahamiana. Namba yangu ya simu ipo kwenye barua aliyonayo katibu wa afya. Nitakuja siku yoyote mtakayopanga, na mume wangu atakuja pia. Kijiti bado kipo mkononi, sitakitoa mpaka nipate majibu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mama, fundi cherehani, mkazi wa mkoa huu